Aliyegandisha Ana Jina, Aliyebandua Hana: Historia ya Bigijii, Nta na Stika Kwenye Meza za Mbao

Sherehe imeisha, wageni wameondoka, picha zimeshapostiwa. Meza ya mbao ya sebuleni ndiyo imebaki na siri zake: bigijii imebandikwa kwa chini, nta ya mshumaa wa keki imemwagika pembeni, soda imekauka na inanata, na stika ya bei bado iko mguuni tangu siku meza iliponunuliwa. Hapo ndipo anapoitwa yule mtu. Kila nyumba inaye. Anaweza kuwa bibi, mama, dada wa kazi au fundi wa mtaani. Anakuja na barafu, mafuta kidogo na kitambaa, na baada ya dakika kumi meza inang'aa kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa cheki kitu cha ajabu. Ukitafuta nani alianzisha bigijii, utapata jina. Nani alianzisha selotepu, jina lipo, tena na picha yake. Supa gluu, jina lipo. Lakini ukiuliza nani wa kwanza kuweka barafu kwenye bigijii, au nani aligundua kwamba mafuta ya kupikia yanatoa gundi ya stika, kimya. Historia inamkumbuka aliyegandisha. Aliyebandua hana jina, na hii ni stori yake.

Binti wa Denmark na bigijii ya miaka 5,700

Watu wengi wanadhani bigijii ni mambo ya kisasa. Sio kweli. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza matokeo ya uchunguzi wa kipande kidogo cheusi kilichochimbwa kwenye kisiwa cha Lolland, kusini mwa Denmark. Kilikuwa ni lami iliyotengenezwa kwa kuchoma magome ya mti aina ya birch. Kilikuwa na alama za meno, na umri wake ni kama miaka 5,700.

Ndani ya lami hiyo walipata vinasaba kamili vya mtu aliyeitafuna. Alikuwa wa kike, na vinasaba vilionesha kwamba inaelekea alikuwa na ngozi nyeusi, nywele za kahawia iliyokoza na macho ya bluu. Walipata hata dalili za chakula chake, yaani bata na karanga za mwituni. Wakampa jina la utani, Lola. Jina lake halisi? Hakuna anayelijua na hakuna atakayelijua.

Lakini kwa nini alikuwa anatafuna lami? Lami ile ilikuwa ndiyo gundi ya zama hizo. Watu waliitumia kushikilia jiwe lenye makali kwenye mpini wa mti. Ikipoa inakuwa ngumu, na kuitafuna kunairudishia ulaini. Kwa hiyo urafiki wa kitu kinachonata na mbao ni wa zamani kuliko meza yenyewe. Tofauti ni kwamba enzi hizo mtu aliomba gundi isitoke. Shida ya kutaka itoke ilikuja baadaye, pale mbao zilipoacha kuwa mpini wa shoka na kuwa fanicha ya kupendezesha nyumba.

Fenesi: darasa la kemia la pwani

Huku kwetu somo hili lilifundishwa na tunda. Mfenesi asili yake ni upande wa India, ukavuka bahari na kuota vizuri pwani na visiwani. Aliyewahi kupasua fenesi anajua balaa lake. Ulimbo wake mweupe unashika vidole, kisu, nguo na meza. Ukienda kunawa kwa maji na sabuni ndiyo kwanza unausambaza.

Lakini mama wa Unguja, Muheza au Kampala hahangaiki. Kabla ya kupasua anapaka mafuta mikononi na kwenye kisu, na anatandika gazeti au jani la mgomba juu ya meza. Akimaliza anafuta kwa mafuta kwanza, halafu ndiyo sabuni inafuata. Watoto wa pwani waliotega ndege kwa ulimbo nao walijua hivyo hivyo kwamba kinachonata kwa namna ile hakisikii maji.

Hiyo ndiyo siri yote, na shuleni inafundishwa kwa maneno mazito. Vitu vinavyonata viko makundi mawili makubwa. Kuna vya sukari, kama soda, juisi na asali. Hivi vinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinatosha. Halafu kuna vya utomvu na mpira, kama ulimbo, bigijii na gundi ya stika. Hivi maji havina habari nayo, vinalegea kwa mafuta. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa dawa ya kinachonata kwa mafuta ni mafuta yenyewe. Hakuna mama aliyeandika kitabu kuhusu hili. Aliwaonesha binti zake tu, nao wakawaonesha wa kwao.

Sandarusi: utomvu uliogeuka kuwa mng'ao

Hapa ndipo stori inaponoga, maana kumbe hata kile kinachoing'arisha meza kiliwahi kuwa kitu cha kunata.

Kwenye misitu ya pwani ya Tanzania, Kenya na Msumbiji kuna mti uitwao msandarusi. Ukijeruhiwa unatoa utomvu, na utomvu ule ukianguka na kukaa ardhini miaka mingi sana unakuwa mgumu kama kioo cha rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo sandarusi. Karne ya 19 ilikuwa mali kubwa ya Zanzibar kwenye soko la dunia, pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Ulaya na Marekani waliyeyusha sandarusi kwa moto mkali, wakaichanganya na mafuta ya kitani, wakapata vanishi ngumu ya magari ya farasi na fanicha za matajiri.

Waliokuwa wakiichimba ni watu wa Uzaramo, Rufiji na maeneo jirani. Walichimba mashimo kwa jembe dogo, wakachambua mchanga kwa mkono, wakabeba walichopata hadi kwa wafanyabiashara wa pwani. Walijua kutofautisha sandarusi iliyokomaa na ile mbichi iliyotoka mtini juzi juzi, ambayo waliiita chakazi. Wafanyabiashara wa kizungu walishindwa kulitamka neno hilo, wakaligeuza kuwa "jackass", yaani punda! Likabaki hivyo kwenye biashara yao. Neno la wachimbaji likaingia kwenye daftari za London, ila wachimbaji wenyewe hawakuingia.

Wateja wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alisaini mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem zikawa zinakuja Unguja na vitambaa vya pamba visivyopakwa rangi. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili kina neno merikani. Meli zikirudi zilibeba sandarusi. Salem kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha, kwa sababu ilitoka ardhini ikiwa na ganda la mchanga na uchafu. Waliiloweka kwenye maji ya magadi, wakaisugua kwa brashi, na ganda likitoka sandarusi ilibaki na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Baadaye kazi hiyo ya kusafisha ikafanyika Zanzibar kwenyewe.

Yaani fikiria vizuri. Mchimbaji wa Uzaramo anatoa utomvu mgumu mchangani, msafishaji anaubandua uchafu, fundi wa Ulaya anaupaka mezani, na tajiri anakaa pale anakunywa chai. Tajiri alijua jina la duka alilonunulia meza. Wale wawili wa mwanzo hakuwajua kabisa.

Kuna jambo la kushika hapa, na ndilo linalowagharimu watu meza zao hadi leo. Vanishi ni ndugu wa kile kinachonata. Zote ni utomvu, iwe wa mti, wa mdudu au wa kiwandani. Ile polishi ya kizamani ya fanicha za Ulaya na India, kwa mfano, inatokana na utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye miti ya India na Thailand, na inayeyushwa kwa spiriti. Kwa hiyo mtu anayefuta bigijii kwa spiriti kwenye meza ya namna hiyo anaondoka na bigijii pamoja na mng'ao. Dawa haijui kuchagua.

Muuza sabuni aliyeileta bigijii

Tuje kwenye bigijii yenyewe. Wamaya wa Mexico na Amerika ya Kati walitafuna utomvu uitwao chicle karne nyingi kabla ya wazungu. Karne ya 19 utomvu huo ukafika New York kupitia Santa Anna, rais wa zamani wa Mexico aliyekuwa uhamishoni. Alitaka utumike badala ya mpira. Thomas Adams wa New York alijaribu, ikagoma. Badala ya kuutupa akaugeuza kitu cha kutafuna, na mwaka 1871 akapata hataza ya mashine ya kuutengenezea.

Halafu akaja William Wrigley. Mwaka 1891 alifika Chicago kuuza sabuni. Sabuni, ndiyo! Ili kuwavutia wenye maduka akawa anawapa zawadi ya hamira ya unga. Hamira ikapendwa kuliko sabuni, akahamia kuuza hamira na kutoa bigijii kama zawadi. Bigijii nayo ikapendwa kuliko hamira. Mwaka 1893 akatoa Juicy Fruit na Spearmint, na mengine yanajulikana. Mtu aliyeanza kwa kuuza kitu cha kusafisha akatajirika kwa kuuza kitu cha kuchafua.

Nyuma ya majina hayo mawili kulikuwa na maelfu ya wagema utomvu kwenye misitu ya Mexico na Guatemala. Walipanda miti mirefu kwa kamba na panga, na kamba ikikatika ndiyo basi tena. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vingi viliachana na utomvu wao na kutumia mpira wa kutengenezwa. Ndani ya bigijii nyingi za leo kuna kitu kiitwacho polivinili asetati, ambacho ni jamaa wa ile gundi nyeupe ambayo fundi seremala anaungia meza. Usishangae basi bigijii ikiipenda mbao kiasi kile.

Udhaifu wake ni mmoja, nao ni baridi. Bigijii ikiwa na joto inavutika, ikipoa sana inakuwa kavu na inakatika. Ndipo barafu inapoingia. Barafu inafungwa kwenye mfuko wa plastiki, inakaa juu ya bigijii dakika chache hadi ikakamae, halafu inabanduliwa kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi. Mkono unafuata mistari ya mbao, haukati mistari. Kisu kiache jikoni.

Mfuko wa plastiki nao una sababu yake. Maji ya barafu yakikaa kwenye vanishi ya kizamani yanaacha doa jeupe, kama lile la glasi ya soda ya baridi. Aliyegundua kwamba barafu ifungwe kwanza lazima alishaharibu meza ya mtu, na pengine alilipia.

Nchi moja ilichoka kubandua ikaamua kukata mzizi. Singapore ilipiga marufuku uuzaji wa bigijii mwaka 1992, baada ya watu kuzibandika hadi kwenye milango ya treni za mjini na kuifanya isifunge vizuri. Tangu 2004 wameruhusu zile za tiba tu. Kwa hiyo shida ya mama mwenye nyumba ikifika kwenye treni ya serikali inatungiwa sheria. Ikibaki sebuleni inaitwa kazi za nyumbani.

Selotepu ilizaliwa kwa hasira za wapaka rangi

Stori ya selotepu ndiyo inayothibitisha hoja yote. Miaka ya 1920 Marekani kulikuwa na fasheni ya magari ya rangi mbili. Mafundi wa kupaka rangi walilazimika kufunika upande mmoja wakipaka mwingine, na walitumia karatasi na gundi kali. Wakibandua, rangi inakuja nayo. Kazi inaanza upya, na matusi yanaanza upya.

Kijana mmoja wa kampuni ya 3M, Richard Drew, alikuwa amepeleka msasa kwenye gereji yao. Akasikia yale matusi. Akarudi kazini na mwaka 1925 akatoa utepe unaoshika vya kutosha lakini unatoka bila kuondoka na rangi. Mwaka 1930 akatoa ule unaopitisha mwanga, na dunia nzima ikaanza kufungia zawadi.

Swali lililoleta ugunduzi ule lilikuwa la kubandua, na walioliuliza ni wapaka rangi wa gereji. Drew ana jina kwenye vitabu, na anastahili. Wale waliotukana kwa uchungu wa kazi yao hakuna aliyewaandika.

Stika nayo ikaja muda si mrefu. Mwaka 1935 Stan Avery wa Los Angeles alianza kutengeneza vibandiko vinavyojishika bila kulowanishwa, kwa mtaji wa dola 100 aliokopeshwa na mchumba wake. Leo kila kitu kinachotoka dukani kina stika, kuanzia tufaha hadi kabati la nguo. Karatasi ya juu inatoka fasta, ila gundi inabaki, inakusanya vumbi na kuwa nyeusi.

Watoto ndiyo usiseme. Ukinunua kitanda cha mbao leo, kesho kichwani kuna wachezaji kumi na moja na wa akiba.

Stika ni kinyume cha bigijii, yenyewe inalegezwa na joto. Ndiyo maana wadada wa saluni wanaongoza hapa. Draya ya nywele kwenye moto mdogo, sekunde kadhaa, halafu stika inavutwa taratibu ikiwa imelala, isivutwe kwenda juu. Gundi inayobaki inapakwa mafuta ya kupikia au ya nazi, inaachwa kidogo ilegee, inafutwa kwa kitambaa kikavu, halafu kingine chenye tone la sabuni, halafu kikavu tena. Ni somo la fenesi lile lile, tunda ndilo limebadilika.

Nta, mgao wa umeme na pasi

Kabla ya taa za simu, umeme ukikatika kilichofuata ni mshumaa, na mshumaa uligandishwa wapi? Juu ya meza, kwa tone la nta yake wenyewe. Nyumba nyingi za mjini zina meza yenye mduara wa kumbukumbu ya mgao.

Nta si ngeni kwetu. Nta ya nyuki kutoka Tabora na sehemu nyingine za bara imesafirishwa nje tangu enzi za ukoloni, na mafundi wengi duniani wanaipaka kwenye fanicha kama polishi. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi. Mishumaa ya dukani mingi inatokana na mafuta ya petroli, na inayeyuka kwa joto la chini kidogo.

Mbinu iliyopokelewa nyumba hadi nyumba ina hatua mbili. Nta nene inagandishwa kwa barafu na kubanduliwa. Ile nyembamba iliyobaki inawekewa karatasi ya kaki, halafu pasi yenye moto mdogo inapitishwa juu, na karatasi inainyonya. Karatasi ikilowa inabadilishwa. Pasi haikai sehemu moja, maana vanishi nayo inaogopa moto. Huyu aliyewaza kwamba pasi ya nguo inaweza kufua meza alikuwa na akili ya hatari, na hatujui hata aliishi nchi gani.

Debe la mafuta ya taa

Sio kila kitu walichotuachia wasio na majina ni salama, na hili lazima lisemwe.

Mafuta ya taa yalianza kuenea duniani nusu ya pili ya karne ya 19. Yalipofika pwani yetu yalikuja kwenye makopo makubwa ya bati, ndiyo yale madebe ambayo baadaye yakawa kipimo cha mahindi na maji. Watu wakagundua haraka kwamba yanawasha taa na pia yanatoa ulimbo, gundi, rangi na lami. Yakawa dawa ya kila kitu. Kuna waliohamia kwenye petroli, maana ni kali zaidi.

Hapo ndipo nyumba zinapoungua. Petroli inatoa mvuke usioonekana, unatambaa chini hadi ukutane na jiko la mkaa, gesi au kiberiti. Mtu anafuta meza sebuleni, moto uko jikoni, na vinakutana katikati. Hata matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja yanaweza kujipasha joto na kuwaka yenyewe bila kiberiti. Mafundi wa zamani waliyaanika yakiwa yametandazwa nje, au waliyazamisha kwenye maji. Kwa stika ya shilingi mia tano, mafuta ya kupikia yanatosha. Petroli ya nini?

Supa gluu na fundi wa Keko

Ngumu kuliko zote ni supa gluu. Mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Kodak alikuwa anatafuta plastiki safi ya kutengenezea vifaa vya kulengea bunduki. Alichopata kiligandisha kila kilichokigusa, akakiweka pembeni kwa kero. Kikarudi kazini mwaka 1951 na kuingia sokoni 1958. Dawa yake ni asetoni, ile iliyopo kwenye vitoa rangi vingi vya kucha. Lakini asetoni inakula na vanishi nyingi, kwa hiyo utatoa tone moja la gundi na kuacha kovu la ukubwa wa sahani.

Kwa kesi hii yafaa kumsikiliza fundi. Ukienda Keko Dar es Salaam au Gikomba Nairobi utawakuta mafundi ambao hawajaandika hata ukurasa mmoja, lakini wana utaratibu ambao maabara yoyote ingeuheshimu. Kwanza anauliza mbao imepakwa nini. Pili anajaribu dawa sehemu isiyoonekana, chini ya meza au nyuma ya mguu. Tatu anaanza na dawa dhaifu kabisa, maji kabla ya mafuta, mafuta kabla ya spiriti, na tina mwisho kabisa ikibidi. Nne, msasa ni hukumu ya mwisho, kwa sababu ukishapitisha msasa umekubali kupaka upya.

Na neno msasa lenyewe lina historia. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, na majani hayo yalikuwa yanasugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuja. Nani alikuwa wa kwanza kusugua mbao kwa jani? Haya, umeshazoea jibu.

Fundi ataongeza jambo moja ambalo video nyingi za mitandaoni zinaliruka. Mambo ya mafuta ni ya mbao iliyopakwa vanishi au rangi. Mbao kavu isiyopakwa kitu, kama ubao wa kukatia mboga, kinu au stuli mpya, inayanywa mafuta na kubaki na doa. Hapo ni barafu, kukwangua taratibu na msasa laini.

Nani analipia meza?

Kuna sababu ya kuyakumbuka haya kuliko udadisi tu. Meza ikiharibika, lawama ina anwani, na mara nyingi anwani hiyo ni dada wa kazi. Mtoto wa bosi ndiye aliyebandika bigijii, mgeni ndiye aliyemwaga nta, lakini doa jeupe likitokea anaulizwa yule aliyeshika kitambaa. Kuna nyumba wanakata mshahara. Meza ikipona, hakuna anayeuliza imeponaje. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 mwaka 2011 kusema wazi kwamba kazi za ndani ni kazi kama nyingine, zenye haki kama nyingine. Kwamba ilibidi dunia ikae kikao kusema hivyo inaonesha ujuzi huu umedharauliwa kwa muda gani.

Na ni ujuzi kweli. Anayejua kwamba bigijii inataka baridi, stika inataka joto, soda inataka maji na ulimbo unataka mafuta ameshika kemia, historia na uchumi wa nyumba kwenye kitambaa kimoja. Wrigley alipata mnara mjini Chicago. Mchimba sandarusi wa Uzaramo, mgema wa Guatemala, mpaka rangi wa gereji na dada wa kazi wa Sinza hawakupata hata mstari.

Angalau nyumbani kwako unaweza kuanza wewe. Safari ijayo meza ikirudi kung'aa, muulize aliyefuta ametumia nini, na alifundishwa na nani. Halafu liandike hilo jina.

Kwenu anayejua kubandua ni nani, na dawa yake ni ipi? Dondosha hapo chini, tena umtaje kwa heshima yake.